Uzi: Wochidogi ya hadiwea kwenye kerneli, draiva ni kazi ya jioni moja, kesi ni nani anailisha

#1 Fundi Rejista

Wakuu salaam. Naona kila wiki humu jukwaani kuna mtu analia bodi yake imeganda, iko juu ya mnara au shambani huko, taa inawaka lakini haijibu chochote, mpaka atumwe kijana na bodaboda akachomoe waya wa umeme na kuuchomeka tena. Na majibu anayopewa ni yale yale, weka kazi ya cron (programu ya kupanga kazi kwa saa) iriboti kila usiku saa nane. Sasa kerneli, ile programu ya kiini cha mfumo, ikishaganda hiyo cron inaendeshwa na nani?

Dawa yake ipo tayari ndani ya chipu nyingi tu na watu hawaitumii. Wochidogi ya hadiwea ni kaunta yenye klok yake, inahesabu kushuka, ikifika sifuri inavuta waya wa riseti wa prosesa, basi. Haiombi ruhusa kwa kerneli, haijali interapti (ishara za kuikatiza prosesa) zimefungwa au memori imejaa. Kazi ya programu ni kuijaza tena kabla haijafika sifuri, sisi tunaita kuilisha. Na hapa shika neno moja, kaunta haijui kama mfumo wako ni mzima, inajua tu kama kuna mtu ameilisha. Uzi wote huu unazunguka hapo.

Upande wa kerneli. Kwenye Linux zamani kila draiva (msimbo wa kuendesha kifaa) ya wochidogi ilikuwa inajitengenezea kila kitu, kufungua faili ya kifaa, kuandika, ioctl (amri maalum kwa kifaa), kufunga, msimbo ule ule umenakiliwa mara kumi kumi na kila mmoja na makosa yake. Kuanzia Linux 3.1 mwaka 2011 Wim Van Sebroeck akaingiza sehemu ya pamoja, wochidogi koo (watchdog core) wacha niiite hivyo, na siku hizi draiva mpya inajaza struct (vifurushi vya data) mbili tatu halafu inaita `devm_watchdog_register_device`. Yale mambo ya `/dev/watchdog` yanashughulikiwa na koo. Katika ops zote (kazi ambazo draiva inaikabidhi koo) ya lazima ni `start` peke yake, `stop` siyo lazima kwa sababu kuna chipu ukishaianzisha haizimiki mpaka riseti, mfano ile ya i.MX, hatua zake ni nusu sekunde na mwisho wake sekunde 128, ukiiwasha mmefunga ndoa.

Nichukue Raspberry Pi maana ndiyo wengi mnayo. Draiva yake ni `bcm2835_wdt`. Rejista (visanduku vya mipangilio ndani ya chipu) za muhimu ni PM_WDOG ya muda na PM_RSTC ya kusema muda ukiisha ufanye nini. Kaunta ina biti 20 na inapiga tiki 65536 kwa sekunde, piga hesabu mwenyewe, haifiki sekunde 16. Kuianzisha ni hivi tu:

```
writel(0x5a000000 | (ticks & 0xfffff), base + PM_WDOG);
cur = readl(base + PM_RSTC);
writel(0x5a000000 | (cur & 0xffffffcf) | 0x20, base + PM_RSTC);
```

Zungushia spinlock (kufuli ya kerneli) hapo kwa sababu unasoma halafu unaandika, wengine wasikuingilie katikati. Ukiangalia draiva hiyo haina hata `ping`, kwa sababu kuita `start` tena ni kuilisha, koo inalijua hilo na inafanya yenyewe.

Ile 0x5a000000 ni nywila. Usipoiweka, hadiwea inapuuza ulichoandika. Sababu ni kwamba programu iliyochanganyikiwa inaweza kuandika takataka popote kwenye memori, na hutaki kwa bahati mbaya ikazima kitu pekee kinachoweza kuiokoa. Kila mtengenezaji ana yake. SP805 ya ARM ufunguo wake ni 0x1ACCE551, isome taratibu utacheka. AM335x ya BeagleBone unaandika 0xBBBB halafu 0x4444 kuwasha, 0xAAAA halafu 0x5555 kuzima, ukikosea mpangilio imekula kwako.

Sasa draiva imekubali, `/dev/watchdog0` imeonekana, watu wanapongezana. Hapo ndipo kazi inaanza. Ukifungua hilo faili taima inaanza, kila ukiandika chochote unailisha, ukifunga bila kuandika herufi V kwanza kerneli inalalamika kwenye logi kwamba wochidogi haikusimama na muda ukiisha bodi inajiriseti. Hiyo V ipo ili daemoni (programu ya nyuma ya pazia inayolisha) ikiuawa ghafla isihesabike kwamba imeaga vizuri. Na ukiweka `nowayout` (chaguo la kukataza kuzima) hata hiyo V haikusaidii.

Karibuni, ila nawaomba msiniletee habari za cron.

#2 Chuma Chakavu

Mkuu umeandika vizuri lakini mi naona mnazungusha. Mimi naandika kakerneli kangu ka kujifunzia, interapti ya taima ninayo tayari inapiga mara mia kwa sekunde, si naweka mstari mmoja wa kulisha humo ndani nimemaliza? Haya mambo ya kufungua faili kutoka programu za juu, yaani zile za kawaida nje ya kerneli, ni ya nini.

#3 Fundi Rejista

Chuma, hapo ndipo nilipokuwa nakusubiri wewe.

Interapti ya taima ni kitu cha mwisho kufa kwenye mashine. Skedula yako (kigawa zamu cha kerneli) inaweza kuwa imejifunga, tredi (nyuzi za kazi) mbili zinasubiriana kufuli, memori imekwisha, diski haijibu, hakuna programu hata moja inasogea, na interapti bado inapiga tu mara mia kwa sekunde na inailisha wochidogi vizuri kabisa. Yaani umeajiri mlinzi halafu anayesaini daftari lake la zamu ni saa ya ukutani. Kitakachokamatwa ni pale tu kerneli ilipozunguka interapti zikiwa zimefungwa, na hiyo ni sehemu ndogo ya magonjwa yote.

Siyo kwamba ni haramu. OpenBSD kwa kawaida inafanya hivyo, `kern.watchdog.auto` ikiwa 1 kerneli inajilisha yenyewe, ukitaka ulinzi wa juu zaidi unawasha watchdogd inaigeuza kuwa 0 na inalisha kutoka juu. NetBSD wao wamekuwa wawazi zaidi, `wdogctl` inakuuliza nani alishe, kerneli, wdogctl mwenyewe, au programu nyingine ya nje. Mimi naupenda huo muundo kuliko wa Linux kwa sababu unakulazimisha uchague.

Kwenye kakerneli kako, kama huna programu za juu bado, basi angalau weka tredi ya kawaida yenye kipaumbele cha chini kabisa iwe ndiyo inalisha. Ikipata zamu maana yake skedula inazunguka na hakuna tredi ya juu iliyong'ang'ania prosesa.

#4 mwana_wa_Kisauni

Hii ya kipaumbele cha chini ni kweli bana. Kwa ESP32 ndio wanafanya hivyo, ile task watchdog yao inaangalia idle task (kazi ya wakati wa kupumzika) ya kila koo ya prosesa, ikikosa kupata nafasi kwa sekunde 5 unaanza kuona zile kelele kwa siriali. Watu wengi wakiiona wanakimbilia kuizima kwa menuconfig (menyu ya mipangilio), ati inasumbua. Inasumbua kwa sababu luupu yako haipumui boss.

#5 dada_terminal

Fundi naomba kuuliza, hiyo sekunde 15 ya Pi si ndogo sana? Mimi kuna bodi yangu inachukua karibu dakika kuwaka maana inakagua diski kwanza. Na kuna mtu alinishauri niwashe wochidogi tokea kwenye butiloda (programu inayopakia kerneli) kabisa. Sasa si itakuwa inajiriseti kabla hata haijafika popote?

#6 Fundi Rejista

Dada hili ndilo swali lenye nyama, tulia nikujibu kwa urefu.

Kuna maswali mawili hapo. La kwanza, muda wa hadiwea ni mfupi kuliko unaoutaka. Koo ya Linux ina sehemu inaitwa `max_hw_heartbeat_ms`, draiva inatangaza uwezo wa mwisho wa chipu, halafu mtu wa juu akiomba sekunde 60 koo inakubali, inakuwa inailisha hadiwea yenyewe katikati kwa kutumia tredi ya kerneli, lakini inahesabu pembeni zile 60 za mtu wa juu, zikiisha hajaonekana inaacha kulisha na chipu inauma. Kwa hiyo kwenye draiva mpya usiandike mwenyewe taima ya kuongezea muda, nimeshaona watu wanafanya hivyo, wanaandika mistari mingi kwa kitu ambacho kipo.

La pili ndilo gumu, lile pengo. U-Boot, butiloda maarufu, imewasha wochidogi, inapakia kerneli, kerneli inaamka, draiva inaanza, halafu inapita muda mrefu ndio programu ya juu ije kufungua `/dev/watchdog`. Katikati nani analisha? Draiva iliyoandikwa vizuri kwenye probe (hatua ya kukitambua kifaa) inasoma rejista kujua kama taima tayari inazunguka, ikikuta hivyo inaweka biti ya `WDOG_HW_RUNNING` kabla ya kujisajili, na koo inaanza kuilisha mpaka mwenyewe atokee. Ukisahau hiyo biti ndio unapata bodi inayojiriseti katikati ya kuwaka na unalaumu kadi ya SD.

Lakini sasa umeona mtego? Kerneli inalisha yenyewe mpaka mwenyewe atokee, na asipotokea kabisa? Diski imeharibika, init (programu ya kwanza kabisa ya juu) haijaanza, kerneli nzima inakaa inalisha milele, tumerudi kwa Chuma. Ndio maana kuna parameta ya `watchdog.open_timeout`, unaipa sekunde kadhaa za kusubiri, kwa hali yako ningeweka 180 hivi, ukaguzi wa diski uwe umekwisha, zikipita hakuna aliyefungua koo inaacha kulisha. Watu wachache sana wanaijua na kwa maoni yangu ni muhimu kuliko draiva yote.

Halafu upande wa U-Boot weka `bootlimit` na `altbootcmd`, ili ikijaribu mara tatu nne imeshindwa iende kwenye kerneli ya akiba. Vinginevyo unabadilisha bodi iliyoganda kuwa bodi inayoriboti usiku kucha. Waliocheza na Arduino za zamani wanajua hii, baada ya riseti ya wochidogi taima inabaki inawaka kwa muda wake mfupi kabisa wa milisekunde 15, na butiloda za zamani zilikuwa hazizimi, ikawa inariseti kabla haijamaliza kuamka, mpaka uchomoe umeme.

#7 Mpemba wa Pini

Mie nna neno. Hii wochidogi mie naiona ni kufunika uchafu kwa mkeka. Programu ina ugonjwa, badala ya kutafuta ugonjwa mnaipiga riseti. Kesho ugonjwa upo, keshokutwa upo, na hujui hata mara ngapi imetokea.

#8 Fundi Rejista

Mpemba una haki nusu. Ukiiweka halafu ukasahau, kweli umefunika. Lakini kerneli inakupa vya kusomea. Baada ya kuamka soma `bootstatus` kwenye `/sys/class/watchdog/watchdog0/`, draiva ikiwa imeandikwa kwa adabu inakwambia kama riseti ilitoka kwa wochidogi, kwa hiyo ukiandika draiva yako usiwe mvivu kusoma ile rejista ya sababu ya riseti. Pili washa ramoops, ni kipande cha memori kisichofutwa na riseti ya joto (isiyokata umeme), mistari ya mwisho ya kerneli unaikuta baadae ndani ya pstore (hifadhi ya kumbukumbu za ajali). Tatu kuna pritaimauti, chipu zenye hatua mbili zinapiga interapti kwanza kabla ya riseti, ukichagua gavana (kanuni ya nini kifanyike) ya `panic` kerneli inapaniki, yaani inasimama kwa kosa kubwa, kwa makusudi na kuacha ushahidi kabla haijakatwa. SP805 ndivyo ilivyo, kaunta ikiisha mara ya kwanza ni interapti, mara ya pili ndio riseti, ndio maana draiva inapakia nusu ya muda ulioomba.

Na mfano wa hoja yako na yangu kwa pamoja ni Mars Pathfinder, 1997. Chombo kimetua Mars Julai 4, siku kadhaa baadae kikaanza kujiriseti chenyewe. Tredi ya kipaumbele cha chini ilishika kufuli ya miutex (inayoshikwa na tredi moja tu kwa wakati), tredi ya juu ya kugawa data za basi ikawa inaisubiri, na tredi za kati zikawa zinaizuia ya chini isimalize. Kulikuwa na ukaguzi kwenye mzunguko wa basi, ikionekana ile kazi haijakamilika kwa wakati mfumo unarisetiwa. Siyo kaunta ya chipu moja kwa moja, ulikuwa ukaguzi wa programu, lakini angalia ulichokuwa unaangalia, kazi imekamilika au la. Ule ukaguzi ukawa unakirudisha chombo kazini, watu wa huku duniani wakaiga tatizo kwenye mashine yao wakalikamata, wakatuma marekebisho ya kuwasha urithi wa kipaumbele (aliyeshika kufuli anaazimwa kipaumbele cha anayemsubiri) kwenye ile miutex ya VxWorks, mfumo wa uendeshaji wa chombo. Bila ule ukaguzi kazi ingekuwa inachelewa kimya kimya. Bila kutafuta ugonjwa kingeriseti mpaka kesho.

#9 Mpemba wa Pini

Haya hapo nimekusikia. Ramoops ntaitazama.

#10 dada_terminal

Na softdog je? Bodi yangu moja ya kichina sijaona draiva yake kabisa, nimepakia softdog na `/dev/watchdog` imetokea.

#11 Chuma Chakavu

Softdog ni taima ya kerneli hiyo hiyo dada, kerneli ikifa na yenyewe inakufa nayo. Hata mimi najua hiyo.

#12 Fundi Rejista

Chuma kajibu. Inafaa kukamata programu ya juu iliyoganda wakati kerneli bado nzima, zaidi ya hapo usiitegemee. Na msichanganye na ule ujumbe wa "soft lockup" unaoonekana kwenye dmesg (logi ya kerneli), ule nao kwenye kerneli unaitwa wochidogi lakini ni kitu kingine kabisa, ni kerneli inajipeleleza kama koo moja ya prosesa imekaa zaidi ya sekunde 20 bila kuachia tredi nyingine, kwa kawaida inaandika tu malalamiko, hairiseti.

Kitu kingine wengi hawakijui, kerneli ikipaniki kwa chaguo la kawaida inabaki imeganda hapo hapo, usanidi wa `kernel.panic` ni 0 maana yake kaa milele. Weka 10 hata kama una wochidogi.

#13 mwana_wa_Kisauni

Sawa, kwa hivyo mwisho wa siku nani analisha? Mimi natumia systemd (ndiyo init yangu, inasimamia huduma zote), nimeweka `RuntimeWatchdogSec=10` na inafanya. Lakini juzi programu yangu ya kusoma mita ikakwama na systemd iko sawa tu, inalisha kama kawaida, data hakuna.

#14 Fundi Rejista

Ndio, kwa sababu umemwambia systemd athibitishe kwamba systemd ni mzima. Unatakiwa mnyororo. Kwenye faili la huduma yako weka `WatchdogSec=60`, na ndani ya programu utume `WATCHDOG=1` kwa sd_notify. Programu ikinyamaza systemd anaiua na kuianzisha upya, ila weka na `Restart=on-watchdog`. Systemd akinyamaza chipu inaua wote. Ukitaka kali zaidi kuna `StartLimitAction=reboot`, programu ikifufuliwa mara kadhaa inakufa tu basi bodi nzima iriboti.

Na ile `WATCHDOG=1` itume wapi, hapa nimeshabishana na watu wengi. Usiitume kwenye tredi yake ya pembeni inayolala na kuamka, huyo ni mdogo wake interapti ya Chuma. Itume mwisho wa mzunguko mkuu, baada ya mita kusomwa na data kuandikwa. Lakini usifungamanishe na seva kujibu! Intaneti ya simu ikikatika usiku mzima bodi itajiriseti usiku mzima, na kila riseti ni nafasi ya kuharibu kadi. Kilicho ndani ya uwezo wa bodi kifungamanishe, kilicho nje kiache. Mita haijibu kwenye siriali, hiyo ni halali kulalamika. Mnara wa simu umezimika, riseti yako itauwasha?

#15 Chuma Chakavu

Naomba njia ya kujaribu bila kuua vifaa. Kakerneli kangu kanaendeshwa kwenye QEMU (kompyuta ya kuigiza) tu.

#16 Fundi Rejista

Bahati yako, QEMU ina `-device i6300esb`, wochidogi ya kuigiza, kifaa cha PCI 8086:25ab, na ni kizuri kwa kujifunzia kwa sababu ni kifupi. Kabla ya kugusa rejista yake yoyote ya memori unaandika 0x80 halafu 0x86 kwenye rejista ya rilodi (ya kujaza tena), ndipo unaandika unachotaka. Kulisha ni 0x80, 0x86, kisha 0x100 hapo hapo. Ina kaunta mbili, ya kwanza ikiisha ni interapti, ya pili ndio riseti, na kuwasha ni biti ya pili (0x02) ya rejista ya kufuli kwenye konfigi ya PCI ofseti 0x68. Biti ya kwanza (0x01) usiiguse mpaka uwe na uhakika, ukiifunga huwezi kuzima tena. Mwanzoni weka `-action watchdog=pause` badala ya riseti, mashine inasimama pale pale ilipokwama na unaichungulia na gdb (programu ya kuchunguza msimbo).

Wenye Linux, jaribio rahisi ni `kernel.panic` irudishe 0, piga sync, kisha `echo c > /proc/sysrq-trigger`, inaipanikisha kerneli kwa makusudi. Hesabu. Ikirudi yenyewe safi. Halafu jaribio la pili ambalo watu wanaruka, `kill -STOP` kwa programu yako yenyewe, hiyo ndiyo inaiga kuganda kwa kweli. Fanyeni ukiwa mezani, msifanye bodi ikiwa juu ya mnara.

#17 dada_terminal

Swali la mwisho Fundi, modemu yangu ya USB ndiyo inayoganda, bodi iko sawa. Wochidogi ikiriseti bodi, modemu bado imeganda.

#18 Fundi Rejista

Sawa kabisa, kwa sababu riseti ya prosesa haikati umeme wa USB kwenye bodi nyingi, modemu haijui hata kama kuna kilichotokea. Hiyo dawa yake ni transista au relei kwenye waya wa volti 5 wa modemu, inaendeshwa na pini ya GPIO (pini ya bodi unayoiwasha na kuizima kwa programu), kabla ya kuifikiria bodi kata kwanza modemu sekunde kumi uirudishe. Ile bodi yako ya kichina isiyo na draiva nayo inapona hapo hapo kwenye pini, tafuta chipu ya nje kama TPS3823, muda wake ni kama sekunde 1.6, unaiunganisha kwenye pini moja na kerneli tayari ina draiva ya `gpio_wdt`, unaandika tu kwenye diviasi trii (faili la kuelezea vifaa vya bodi) `hw_algo = "toggle"` na `hw_margin_ms`, na ukiongeza `always-running` koo inailisha mpaka programu yako ije.

#19 dada_terminal

Hiyo sekunde 1.6 na butiloda inachukua 4, Fundi.

#20 Fundi Rejista

Basi chukua MAX6369, muda wake unachaguliwa kwa pini tatu na kuna chaguo la kukaa kimya dakika nzima mwanzoni kabla haijaanza kuhesabu. Draiva ni `max63xx_wdt`. Ukiwa na oski (oskiloskopu) pima kwanza butiloda yako, hiyo 4 umeihesabu kwa macho au umeipima?